Hukukataa Ziwa, Somoe

Somoe mwanangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, angalia nani yuko karibu nawe. Kama bibi yako yupo, kunja karatasi hii ukaisome chooni, au shambani penye majani marefu. Kama ni baba yako, ndiyo kabisa. Nakusihi kwa ziwa nililokunyonyesha, na mbele utaona kwa nini kiapo hiki kinaniuma: neno lolote lililomo humu lisitoke kinywani mwako. Usimsomee shoga yako, usimwonyeshe mume utakayempata, usimsimange nalo mdogo wako siku mkigombana. Huyo mdogo wako hasa. Bado hajazaliwa, na hakuna anayejua kwamba yupo ila mimi na nesi mmoja.

Barua hii haiendi nawe kesho. Hujatimiza mwaka, ukipewa karatasi unaitafuna. Nitampelekea mama yako mdogo Fatuma, kule kwetu Mbwara, aitunze mpaka utakapojua kusoma na kunyamaza, vyote viwili. Kusoma utafundishwa na yeyote. Hilo la pili nakuombea usilijue kama ninavyolijua mimi.

Sitaandika habari za uji wako wala nguo zako. Jioni nilimweleza bibi yako jinsi uji wa karanga unavyokorogwa usishike chini, naye akawa anaitikia "eeh, eeh," kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma herufi. Vitu vyako viko kwenye mkoba wa bluu karibu na mlango. Asubuhi gari litawapeleka Nyamisati, na maji yakijaa mtapanda boti kwenda kisiwani kwao baba yako. Mimi nabaki Kibiti na kazi yangu ya ukarani. Sasa hivi umelala chumba cha pili, ubavuni kwa bibi, ili uanze kumzoea. Tangu uzaliwe hujawahi kulala mbali nami. Nimekusikia unakohoa kidogo. Nikasimama, nikakaa tena.

Mimi ni mtu wa kuogopa, Somoe. Ulipozaliwa niliogopa pumzi yako. Nilikuwa nalowesha kidole kwa mate nakiweka chini ya pua yako nione kama kinapoa. Niliogopa utosi wako, uliokuwa ukidunda kama koo la chura, nikawa nakuosha kichwa kwa kukizunguka pale pa katikati, mpaka pakaota ukoko wa njano. Niliogopa kwikwi, niliogopa choo cha kijani, niliogopa ukipiga chafya na niliogopa usipopiga. Nikawa naiuliza simu. Simu ilinijibu kila swali kwa ugonjwa. Nilisoma hadi chuo, nikapata kazi ya masjala katika ofisi moja hapa mjini, najua faili gani liko rafu gani bila kuinua macho, lakini kichanga cha kilo tatu kilinishinda kukijua.

Bibi yako alikuja kunilea siku za arobaini. Ulipewa jina lake, kwa hiyo wewe ni somo yake, na mimi kwa utani nikawa mama yake. Asubuhi alikuwa anasimama mlangoni, mwanamke wa umri ule, anapiga goti la uongo.

"Shikamoo mama yangu. Umeamkaje? Leo mwanao utanipikia nini?"

"Marahaba mwanangu. Leo utakula fimbo."

"Aka! Mama gani huyu, ziwa anampa mwenzangu, mie ananipa fimbo!"

Nilicheka mpaka kidonda cha uzazi kikauma. Nakuandikia haya ili ujue kwamba tulipendana mimi na yeye. Na ujue kwamba hata wakati ule nilikuwa nimeshaanza.

Ulikuwa na wiki chache, ukawa unalia kila ikifika alasiri, magoti yamekunjwa hadi tumboni. Bibi akasema ni chango. Akachemsha mizizi aliyokuja nayo toka kisiwani, akanipa kikombe nikupe matone. Nesi alikuwa amenionya: usimpe mtoto kitu chochote ila ziwa. Ningeweza kumwambia bibi hivyo. Badala yake nilitoka uani, nikamwaga dawa kwenye majivu, nikarudi na kikombe kitupu. Jioni ile ukalala. Bibi akashangilia. "Umeona? Mizizi hiyo ilimtuliza hata baba yake!" Nikasema, "Kweli mama, dawa hiyo." Alifurahi, wewe ukalala, hakuna aliyeumia. Nikajifunza kwamba uongo mdogo unaweza kuweka nyumba nzima katika amani. Somo lile nililielewa upesi kuliko yote niliyofundishwa darasani.

Likizo ya uzazi ilipokwisha nikarudi kazini. Nilikuacha kwa Mama Zaituni, jirani anayekaanga maandazi kwenye uchochoro wetu, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwema. Kila ikikaribia saa nne ofisini nilikuwa nasikia maziwa yakishuka, hata kama ni mtoto wa mtu mwingine ndiye amelia kwenye benchi la nje. Nilikuwa naingia chumba cha mafaili ya zamani, nakamua kwenye kikombe cha chai, na kwa kuwa hakukuwa na pa kuyahifadhi, namwaga dirishani. Kulikuwa na kichaka cha mchunga pale nje kilichostawi kuliko vyote. Nilikuwa nakitazama na kuona wivu.

Ulipoota meno mawili ya chini ukaanza kuharisha. Ukapona, ukaharisha tena. Mama Zaituni alikupa uji, ila uji wake ulikuwa mwepesi, na mimi niliona haya kumwambia aukoleze maana hakuwa akinitoza kitu. Kliniki walikuning'iniza kwenye mizani ndani ya ile kaptura ya turubai, ukabembea ukicheka, na kalamu ya nesi ikaweka nukta chini ya ile ya mwezi uliopita. Mwezi uliofuata nukta ikashuka tena. Mapaja yako yaliyokuwa na mikunjo yakawa na ngozi iliyolegea.

Utakuja kulijua hili mwenyewe, lakini niliandike. Huku kwetu mtoto wa ziwa akikonda, watu hawaulizi anakula nini. Wanaulizana wazazi wake wamelala wapi. Wanasema amebemendwa: kwamba baba au mama ametoka nje ya ndoa na kurudi na jasho la mtu mwingine, au mama ameshika mimba kabla mtoto hajasimama, na joto la mimba limeingia kwenye maziwa. Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa Mbwara, likisemwa juu ya wake wa watu wakipita na watoto wao migongoni.

Siku moja nakwenda kukuchukua, nikakuta wanawake watatu wamekaa kwenye viroba wakisubiri maandazi. Mama Zaituni akakuinua mbele yao, miguu ikining'inia.

"Mama Somoe, njoo tukuulize. Miguu ya kunguru hii mmempa ya nini mtoto?"

"Ana meno," nikasema.

"Meno! Kibiti nzima watoto wana meno. Semeni ukweli, nani kabemenda? Baba mwenye kulala Nyamisati na mabaharia, au mama mwenye kufungua mafaili na mabwana?"

Wakacheka. Nami nikacheka. Ulikuwa utani, Mama Zaituni hana chuki. Lakini nilitembea nyumbani nikiwa nimekufunika kanga hadi miguuni, na jua lilikuwa kali.

Wiki ile ile nilikuwa natapika asubuhi. Nikaenda kwa yule nesi, mimi na wewe tu, nimevaa ushungi wa rangi nisiyovaaga. Akanipima, akafunga mlango.

"Una mimba, mama."

"Ana miezi minane huyu."

"Mwenzake si amekuja? Utamrudisha? Nisikilize. Huyu aendelee kunyonya. Wewe kula, yeye umuongezee uji mzito na dagaa waliosagwa, na ziwa abaki nalo. Maziwa ya mjamzito hayana sumu. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, mwanangu. Ningeweza kusimama mbele ya mkutano nikawaelezea wengine. Nikakubeba, nikafika nyumbani, ukaanza kuvuta blauzi yangu kama kawaida yako, nami nikakuangalia mapaja na kujiuliza: na kama nesi amekosea?

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu. Nilikuwa na mambo mengine pia. Mkataba wangu kazini ulikuwa unakaribia kuisha, na nilijua watakavyonitazama nikiomba likizo ya uzazi ya pili kabla ile ya kwanza haijapoa. Na niliona haya. Mtoto hajasimama, mama ana tumbo. Hata watoto wa shule huimbiana. Nikaamua kwamba mimba nitaificha kwa muda, na ziwa nitaliondoa ili lisikudhuru, na yote nitayafanya kimya kimya mtu asijue lini lilianza wala lini lilikwisha.

Nikaenda sokoni nikanunua shubiri. Bibi muuzaji akaniuliza, "Mtoto ana umri gani?" Nikamwambia anatembea. Akanifungia kipande cheusi kwenye gazeti.

Wewe ulikuwa na tabia moja wakati wa kunyonya. Mkono mmoja ulikuwa unapanda hadi sikioni kwangu, unashika ndewe, unaisugua kati ya vidole viwili mpaka usingizi ukuchukue. Siku ile nililoweka shubiri kwa maji, nikajipaka, nikangoja ikauke. Ukaja, ukashika sikio, ukavuta. Hukulia papo hapo. Uliachia, ukaniangalia kwanza, midomo wazi, mate machungu yakishuka kidevuni, ukiniangalia kama anayetaka nimwambie kimetokea nini. Kisha ukajaribu tena. Ulijaribu tena, Somoe, kwa kuwa hukuwahi kupata kitu kibaya toka kwangu. Mara ya pili ndipo ulipolia. Nikakupa la upande mwingine. Nilikuwa nimelipaka pia.

Ilichukua siku chache. Mwishoni nikifungua kifungo tu, unageuza uso.

Mama Zaituni ndiye aliyeuliza, maana alikuwa ananiona nakukabidhi asubuhi bila kukunyonyesha kwanza.

"Leo mwenzio hapati chake?"

Nikajibu jibu nililokuwa nimeliandaa, nikiliona zuri kabisa. "Amekataa mwenyewe."

Akaacha mwiko ndani ya mafuta. "Kakataa? Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nimemlazimisha, wapi! Hataki."

Hakunitania. Hilo ndilo lililonishtua, kwamba Mama Zaituni hakunitania. Akakuchukua, akakushika kifuani pake, akasema pole pole, "Mtoto hakatai ziwa bure, mama," akageuza maandazi yaliyokwisha kuungua.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mimi mtoto wa Mbwara, niliyelelewa katikati ya maneno haya haya, nilikuwa nimesahau kwamba mtoto anayekataa ziwa mwenyewe, huku kwetu, ni shahidi. Wanasema ameonja. Wanasema mtoto hajui kusingizia. Akikataa maziwa ya mamake ni kwamba ndani yake kuna mwanamume asiye baba yake. Nilikuwa nakimbia neno moja, nikachagua uongo wenye kusema neno hilo hilo kwa sauti zaidi. Na ningeweza kusema kazi. "Nimemwachisha kwa sababu ya kazi." Wangenilaumu, wangesema wasomi hawana huruma, wangesahau. Kazi ingetosha. Kila siku nalifikiria hilo neno, kazi, jinsi lilivyokuwa karibu.

Baba yako anafanya kazi gatini Nyamisati, anapakia mizigo kwenye boti za Mafia, na huja nyumbani Ijumaa. Ijumaa ile alifika akiwa tayari anajua. Sijui nani alimwambia. Barabara ya Nyamisati si ndefu kwa habari ya namna hiyo. Akakuchukua akakuweka pajani, akakuchezesha vidole, ukacheka. Hakuniangalia.

"Wanasema kakataa ziwa."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Siku hizi hizi. Labda meno."

Akaacha kukuchezesha vidole. "Mtoto hana akili ya kumsingizia mtu, Rukia."

Tangu uzaliwe alikuwa ananiita Mama Somoe. Hakupaza sauti. Alikurudisha mikononi mwangu vizuri, akatoka nje akanawa mikono, akanawa muda mrefu mpaka ndoo ikaisha. Siku mbili zile alilala kwenye mkeka.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia pale pale. Kwamba ni shubiri, kwamba ni mimi. Angeuliza kwa nini, nami ningelazimika kusema kuhusu mimba. Na mimba sasa ilikuwa imegeuka kitu kingine. Kabla ya uongo wangu ilikuwa aibu yetu sote wawili, mimi na yeye tulioshindwa kusubiri. Baada yake ilikuwa ni swali, na jibu la swali hilo ulikuwa umeshalitoa wewe kwa kugeuza uso. Nakuandikia hapa, na Mungu ananiona: mdogo wako ni wa baba yako. Sijamjua mwanamume mwingine. Siku ikifika mtu akamwambia mdogo wako vinginevyo, usimwonyeshe barua hii, ila msimamie.

Bibi yako amefika jana. Sikusikia "shikamoo mama yangu" mlangoni. Aliingia, akavua kandambili, akanyoosha mikono. Akakupima kwa mikono yake kama mtu anayepima samaki asiyetaka kumnunua, akakunusa utosini, akakuvuta kope la chini akatazama wekundu, akapitisha kidole kwenye mbavu zako, moja moja. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono ule ule aliokushikia. Baba yako alikuwa amekaa kizingitini, ametupa mgongo.

"Mama Somoe," bibi akasema, "nikuulize, nijibu. Una kitu tumboni?"

Aliuliza kwa upole. Nimekuwa nikilirudia swali lile tangu jana nikitafuta ukali ndani yake, sijaupata. Aliniangalia tumbo, akaniangalia uso. Na baba yako pale mlangoni akawa ameacha kufanya chochote alichokuwa akifanya.

"Sina, mama."

"Huna."

"Sina."

Akashusha pumzi. "Basi namchukua somo yangu. Atakaa kwangu mpaka asimame. Nitamtafutia dawa yake. Akishasimama, tutaona."

"Mama, akiumwa huko?"

"Boti ipo."

"Na maji yakiwa yamekupwa?"

"Maji hayakupwi milele, Rukia."

Ameniita Rukia naye. Na hakusema utarudi. Alisema tutaona. Hilo ndilo linalonikata pumzi tangu jana. Kisiwani hakuna nesi, hakuna mizani. Maji yakitoka boti inakaa kwenye tope saa na saa, na wewe ukiharisha kwa saa tano tu unakuwa mtoto mwingine; nimekuona. Nimeweka paketi za dawa ya kuharisha ndani ya soksi zako, na kadi ya kliniki chini ya nepi. Nimemwomba akulete kupimwa mwezi ujao. Amesema inshallah.

Leo alasiri tulikuwa tunakunja nguo zako, mimi na yeye, akaanza kusema bila kuulizwa, macho yake kwenye nepi.

"Baba yake huyu nilimwachisha hajatambaa. Nilikuwa na mdogo wake tumboni. Mtaa mzima walinisema. Mama mkwe alikuwa ananipitishia chakula kwa pembeni, hataki kugusa sahani niliyogusa. Nikampeleka kwa mama yangu. Alikuwa mdogo hivi." Akaonyesha kwa kiganja. "Nilidhani nazika."

"Akapona," nikasema.

"Akapona. Mdogo wake ndiye hakuona mwaka."

Nikaelewa kwamba mlango ulikuwa wazi. Kwamba jana, nilipojibu "sina", nilikuwa namjibu mwanamke mmoja Kibiti nzima ambaye angenikumbatia. Nikafungua mdomo. "Mama."

"Eeh?"

Viatu vya baba yako vikakwaruza mchanga nje ya dirisha. Alikuwa pale wakati wote, au alikuwa anapita tu, sijui.

"Mkoba umejaa," nikasema.

Akauangalia mkoba, akaniangalia mimi, akaendelea kukunja.

Ilipokaribia magharibi nilikuchukua chumbani nikashusha pazia. Nilikuwa nimejiosha kwa sabuni, nikajiosha kwa ndimu, nikajiosha tena kwa maji ya moto mpaka ngozi ikawaka. Nilijiambia: akinyonya, hata mara moja, natoka nimembeba hivyo hivyo, nawaonyesha wote wawili, natamka yote. Ningekuwa na ushahidi mikononi. Nikafungua vifungo. Ukanyoosha mkono ukashika sikio langu, ukalisugua kama zamani. Ukasogeza pua, ukanusa. Kisha ukabana midomo, ukageuza uso ukutani. Nikakamua tone nikaliweka mdomoni mwako kwa kidole. Ukalitema. Ukaendelea kunisugua sikio.

Kwa hiyo niliyowaambia sasa ni kweli. Umekataa.

Lakini wewe uliyekua, unayesoma, ujue ilivyokuwa. Watakuambia kwamba ulipokuwa mchanga ulimkataa mama yako. Watakuambia kwa mapenzi, kama sifa, kwamba ulikuwa na akili kabla ya meno. Hukunikataa. Ulijaribu mara mbili.

Sina mengi ya kukufundisha. Nilipokuwa naogopa nikiwa na wewe mapajani, hukudhurika. Ulidhurika nilipoogopa nikanyamaza, nikainuka kwenda sokoni. Ukija kupata mtoto utaogopa, huwezi kukwepa, umerithi. Basi ogopa mbele ya mtu. Mwambie mmoja, hata kama ni mbaya, hata kama ni Mama Zaituni wa kwako, kabla mikono haijaanza kufanya kazi. Mimi nilikuwa na watu wawili wa kuwaambia, na niliwapikia wote chakula cha usiku leo.

Usimchukie bibi yako. Anakuchukua kwa sababu anataka uishi, na mimi nakutoa kwa sababu hiyo hiyo, na mmoja wetu amekosea, na sijui ni nani. Usimchukie baba yako. Jioni nimemwona amekaa na kiatu chako kimoja kiganjani, anakigeuza. Nimefikiria kumwamsha sasa hivi nimwambie. Nafikiria pia kwamba akiniacha, mke aliyeachwa hapandi boti kwenda kwa wakwe kumwona mtoto. Nikinyamaza, mwezi ujao naweza kuja. Hivyo ndivyo ninavyojihesabia, na unaona mahesabu yangu yamekuwa yakinifikisha wapi. Tumbo halitaningoja. Litasema lenyewe.

Kumekaribia kupambazuka, nasikia malori ya Lindi yameanza kupiga honi. Sasa sikiliza namna ya kunipata.

Ukitaka kuja, usingoje ruhusa ya mtu. Ngoja maji yajae, panda boti ya kwenda Nyamisati, kaa katikati, usikae ukingoni. Ukishuka gatini panda gari la Kibiti. Shuka stendi, vuka barabara kuu ukiangalia pande zote mbili, ingia uchochoro ulio nyuma ya soko uufuate mpaka utakaposikia harufu ya maandazi. Kama Mama Zaituni bado yupo, mwamkie. Usimuulize nyumba ya Rukia, hapa hakuna anayemjua Rukia. Waliniita hivyo watu wawili tu, na wote wawili walikuwa wamekasirika. Uliza kwa Mama Somoe. Mama hapa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na hata huyu anayekuja akizaliwa, jina langu litabaki hilo. Wamekupandisha wewe boti, jina wameniachia.

Kama nimehama, Fatuma atajua. Kama Fatuma naye atakuambia sipo, na akakuonyesha mahali, basi kaa hapo kidogo, na uje siku nyingine.

Kama nipo, ni mlango wa tatu kushoto, wa mbao. Mvua imeuvimbisha; hata ukiwa haujafungwa unadhani umefungwa. Usibishe hodi ukaondoka. Weka bega, usukume.

Mimi,
Mama Somoe